Nani Amepewa Sentensi Kamili? Tunasoma Upya Tintin Nchini Kongo

Utangulizi

Ndugu msomaji, katika vitabu vya watoto vilivyosomwa kizazi baada ya kizazi katika nchi zetu za Maziwa Makuu, ni vigumu kupata kingine kilichopendwa na kulaumiwa kwa pamoja kama Tintin au Congo, yaani Tintin Nchini Kongo, cha mchoraji Mbelgiji Hergé. Wapo wanaokitaja huku wakicheka kwa kukumbuka utoto wao. Wapo wanaokitaja huku wamekunja uso. Mara nyingi anayecheka na anayekunja uso ni mtu yule yule, ila miaka imepita na amekuwa mwalimu au mzazi.

Makala haya hayakusudii kuamua kama kitabu hicho kifungiwe kabatini au kiachwe rafuni. Mjadala huo umeendeshwa mahakamani, madukani na katika maktaba za Ulaya, nasi tutaugusa kwa ufupi. Tunachokusudia hapa ni kukihakiki kwa jicho la mwalimu wa lugha. Wahakiki wengi wamezungumzia michoro: midomo minene, macho yaliyotoka, nguo zisizolingana. Hayo ni kweli na yanaonekana hata na asiyejua kusoma. Hoja yetu ni kwamba tusi zito zaidi la kitabu hiki limo katika vile viputo vya maneno juu ya vichwa vya wahusika. Ili kulipima hatuna budi kuuliza swali moja rahisi: katika kitabu hiki, nani amepewa sentensi kamili?

Kitabu na Wakati Wake

Hergé, ambaye jina lake halisi ni Georges Remi, alizaliwa mwaka 1907. Hadithi hii ilichapishwa kwa mfululizo kuanzia Juni 1930 hadi Juni 1931 katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti la Kikatoliki la Brussels lililoitwa Le Vingtième Siècle. Mhariri wake, Padri Norbert Wallez, alitaka watoto wa Ubelgiji waipende koloni yao na kazi ya wamisionari. Mchoraji alikuwa kijana wa miaka 23 ambaye hakuwahi kufika Kongo. Alichora kwa kutegemea magazeti, masimulizi ya watu na vitu vilivyowekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels.

Kwa msomaji wa Bujumbura habari hii si ya mbali. Mwaka 1925 sheria ya Ubelgiji iliiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo ya Kibelgiji kiutawala, na mkuu wa Usumbura akawa chini ya gavana mkuu aliyekaa Léopoldville. Kwa hiyo mtoto wa Brussels aliyefundishwa na Tintin namna ya kumtazama Mkongo alifundishwa pia namna ya kumtazama Mrundi. Wengine katika watoto hao walikua, wakaja huku wakiwa makarani, mapadri, walimu na maofisa.

Kisa chenyewe kinajulikana. Tintin, mwandishi wa habari kijana, anasafiri kwa meli pamoja na mbwa wake Milou. Anapokewa kama mfalme, anamwajiri mtoto aitwaye Coco, ananunua gari, anawinda wanyama bila kiasi, anapambana na mchawi mwenye wivu, na mwishowe anagundua kwamba majambazi wa Al Capone wanataka kuitawala biashara ya almasi. Anapoondoka, wanakijiji wanapiga magoti mbele ya sanamu yake na ya mbwa wake.

Mwaka 1946 Hergé alikichora upya kwa rangi na kupunguza kurasa. Alifuta pia baadhi ya mambo yaliyohusu Ubelgiji moja kwa moja. Mwaka 1975, kwa ajili ya wachapishaji wa nchi za Skandinavia, alibadilisha tukio ambalo Tintin anamlipua kifaru kwa baruti. Katika mazungumzo yake ya baadaye na Numa Sadoul, Hergé alikiri kwamba alikuwa ameijaza hadithi hiyo mawazo finyu ya mazingira aliyokulia.

Mahakama, Maduka na Maktaba

Mwaka 2007 ulikuwa mwaka wa kelele nyingi. Uingereza, Tume ya Usawa wa Kimbari ilisema mahali pekee panapokifaa kitabu hicho ni jumba la makumbusho, tena kikiwa na maelezo ya kuonyesha ubaya wake. Duka la vitabu la Borders likakihamisha kutoka rafu ya watoto hadi rafu ya watu wazima. Mwaka huo huo Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongo aliyekuwa akisoma Brussels, alifungua malalamiko mahakamani. Aliomba kitabu kipigwe marufuku au, walau, kiuzwe kikiwa na onyo na maelezo kama toleo la Kiingereza la mwaka 2005.

Kesi ilichukua miaka. Februari 2012 mahakama ya Brussels ilikataa ombi hilo, na mwishoni mwa mwaka huo rufaa pia ikakataliwa. Majaji hawakuona kwamba mwandishi alikuwa na nia ya kuchochea chuki. Walikiona kitabu kuwa zao la wakati wake. Septemba 2012, huko Stockholm, maktaba ya watoto ya Kulturhuset iliviondoa vitabu vya Tintin rafuni kisha ikavirudisha siku hiyo hiyo baada ya malalamiko ya umma. Mwaka 2023 wachapishaji walikitoa tena Tintin au Congo kikiwa na dibaji inayoeleza mazingira yake ya kikoloni.

Tukitazama mlolongo huu tunaona kwamba pande zote zilibishania mambo mawili: nia ya mwandishi na mahali pa kukiweka kitabu. Nia ya marehemu haipimiki kirahisi, na rafu haisomi. Lugha ya kitabu, ambayo ndiyo inayoingia kichwani mwa mtoto na kubaki humo, ilizungumzwa kidogo sana.

Mbwa Anayejua Sarufi

Hebu tuvipitie viputo. Tintin anazungumza Kifaransa sanifu. Padri wa misheni naye vivyo hivyo. Majambazi waliokuja kumwua Tintin wanasema Kifaransa kisicho na kasoro. Na mbwa Milou, ambaye mwandishi amempa uwezo wa kusema, ana sarufi safi kabisa: vitenzi vyake vina nafsi na nyakati, na hata dhihaka zake zimepangika vizuri.

Ni Wakongo tu wasio na sarufi. Coco, wapagazi, abiria wa treni, mfalme na watu wake, wote wanasema kile Kifaransa cha kubabaisha kiitwacho petit-nègre: vitenzi vinabaki katika umbo la kamusi, viwakilishi vimewekwa visivyo, na sentensi hazijai. Mtoto anayesoma hahitaji kuambiwa kwamba watu hawa wana akili ndogo. Anaona mwenyewe kwamba mbwa anasema vizuri kuliko mfalme.

Tukio la treni linaeleza yote. Gari la Tintin linakwama relini, treni inaligonga, na ni treni inayoanguka. Tintin anawaamuru abiria wainyanyue. Wanalalamika kwamba wamechoka au wanaogopa kuchafuka. Anayewakaripia kwa uvivu wao ni Milou. Kwa lugha ya uhakiki tungesema mwandishi amepanga ngazi ya usemi: juu kabisa Mzungu, kisha mbwa wake, na chini wenye nchi.

Je, Hergé hakuwa akinakili tu jinsi watu walivyosema? La. Wakongo wa mwaka 1930 walikuwa na lugha zao za kuzungumza: Kikongo, Lingala, Kiluba, Kiswahili na nyingine nyingi. Katika Kongo ya Kibelgiji shule nyingi za msingi zilifundisha kwa lugha za Kiafrika, na Kifaransa kiliwafikia wachache. Petit-nègre haikutoka Matadi. Ni Kifaransa kilichohusishwa hasa na wanajeshi Waafrika wa jeshi la Ufaransa, na mwaka 1916 kilichapishwa Paris kitabu cha kuwaelekeza maofisa jinsi ya kuwafundisha askari hao Kifaransa kilichorahisishwa namna hiyo. Maana yake ni kwamba Kifaransa hicho kilivunjwa kwa makusudi, kikafundishwa kikiwa kimevunjika, kisha matangazo ya biashara na vitabu vya watoto vikamcheka Mwafrika kwa kukivunja.

Majina Yaliyopinduliwa

Majina ya wahusika yanastahili kutazamwa pia. Makabila mawili yanayopigana yanaitwa Babaoro'm na M'Hatouvou. Kwa sikio la mtoto wa Ulaya yana mlio wa Kiafrika. Mwenye Kifaransa atagundua kwamba la kwanza ni baba au rhum, aina ya keki inayoloweshwa pombe, na la pili ni m'as-tu-vu, mtu wa majivuno. Kwa hiyo makabila hayo hayana historia wala lugha. Ni utani wa mezani wa Brussels.

Jina linalotuhusu zaidi sisi walimu wa Kiswahili ni la yule mchawi. Anaitwa Muganga. Neno hili ni letu. Katika Kirundi, umuganga ni daktari. Katika Kiswahili cha Bujumbura, Uvira na Bukavu, muganga ni mtu unayempelekea mtoto mwenye homa. Katika Kiswahili sanifu, mganga ni mponyaji, na Tanzania bado ina Mganga Mkuu wa Serikali, ambaye ni daktari wa hospitali. Lugha zetu zinatenganisha kwa makini mganga na mchawi: mmoja anaponya, mwingine anadhuru. Mtu akiyachanganya maneno hayo mawili mbele ya wazee atarekebishwa papo hapo.

Ndani ya kitabu neno la uponyaji limevishwa laghai anayekula njama ya kumwua mgeni. Kisha kurasa zinafunguka na tunamwona Tintin akimpa mgonjwa kwinini, mgonjwa anasimama, na mke wake anapiga magoti kwa shukrani. Yaani mganga amefanywa mchawi ili mgeni achukue nafasi ya mganga. Kwa vyovyote Hergé hakujua kwamba anafanya jambo hilo. Alichukua neno lililopatikana. Lakini mtoto wa Buyenzi anayesoma kitabu hiki anajua neno lile, na anajifunza kulionea aibu.

Ushahidi wa Darasa Lililonyamaza

Wanaokitetea kitabu husema toleo la 1946 lilirekebisha makosa. Wanatoa mfano wa darasa la misheni. Katika toleo la kwanza Tintin anasimama mbele ya wanafunzi Wakongo na kuanza kuwaeleza kuhusu nchi yao, Ubelgiji. Katika toleo jipya siasa imeondolewa na somo limekuwa hesabu: Tintin anauliza jumla ya mbili na mbili.

Mwalimu asome tukio hilo polepole. Tintin anauliza, hapati jibu. Anauliza tena, kimya. Hapo ndipo chui anapoingia darasani na somo linakatika. Katika toleo la zamani watoto walidanganywa kuhusu nchi yao. Katika toleo lililorekebishwa wameonekana hawajui mbili na mbili. Ubelgiji imefutwa ubaoni, lakini mtoto aliyekaa kwenye dawati amepungukiwa zaidi. Tukio hili linatuonyesha kwamba marekebisho yanayogusa mada tu, bila kugusa nani anasema na nani ananyamaza, yanaweza kuzidisha dharau yanayodai kuiondoa.

Linganisha na jamii ambamo kitabu kiliwakuta watoto wa Urundi. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Ethel Albert, alichapisha mwaka 1964 makala yanayojulikana sana kuhusu ufasaha wa usemi nchini Burundi: jinsi watoto, hasa wa familia za hadhi, walivyofundishwa kupanga maneno kulingana na cheo cha msikilizaji na nafasi yao. Na kabla ya mwanaanthropolojia yeyote, bibi zetu walikwisha tusimulia visa vya Samandari, mtu wa kawaida anayewazidi wakubwa kwa ulimi wake. Katika hadithi za Samandari asiye na cheo ndiye mwenye sentensi bora. Katika Tintin au Congo hata mfalme hana sentensi. Watoto wetu walizisikia hadithi hizi mbili kwa pamoja, moja jioni nyumbani na nyingine kitabuni, na ile ya kitabuni ndiyo iliyokuwa na karatasi nzuri na picha za rangi.

Kwa Nini Kilipendwa

Uhakiki wa haki hauwezi kuruka upendo. Kitabu hiki kina mwendo. Kila ukurasa unaishia mahali ambapo msomaji anataka kufunua unaofuata. Mistari ni safi na vichekesho vya mwili vinaeleweka bila tafsiri. Aidha, kwa wasomaji wengi wa eneo letu kilikuwa kitabu cha kwanza cha vibonzo chenye jina la Kongo kwenye jalada, na mtu mwenye njaa ya kujiona hapimi kioo. Mjini Kinshasa mafundi wamechonga na kuuza sanamu za mbao za Tintin kwa miaka mingi, na Mkongo anayeiuza anajua vizuri kuliko mnunuzi ni nani anayechekwa.

Isitoshe, Hergé mwenyewe alithibitisha kwamba angeweza kufanya vizuri zaidi. Mwaka 1934, alipokuwa akijiandaa kuandika Le Lotus bleu, alikutanishwa na Zhang Chongren, mwanafunzi wa sanaa kutoka China. Urafiki wao ulimfanya achunguze, aulize na achore maandishi halisi ya Kichina, na katika kitabu hicho anawakejeli Wazungu wanaowadhania Wachina mambo ya kipuuzi. Tofauti ya vitabu hivi viwili ni miaka michache tu. Kwa China alipata mtu wa kumuuliza. Kwa Kongo hakutafuta. Kwa hiyo ule utetezi kwamba wakati wenyewe ndio uliokuwa hivyo unafika nusu ya njia tu.

Tukikitafsiri kwa Kiswahili

Sasa tuje kwenye jambo linaloweza kujaribiwa darasani. Tuseme mwanafunzi amepewa kurasa mbili za kitabu hiki azitafsiri kwa Kiswahili. Atafanya nini na petit-nègre? Ana njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuwapa wote Kiswahili sanifu. Coco atasema, "Nakwenda kukuletea maji, bwana." Ni njia ya heshima, lakini inafunika kovu. Msomaji wa Kiswahili atabaki akishangaa kwa nini picha inamdhalilisha mtu ambaye maneno yake ni timamu, na hatajua kamwe mwandishi alifanya nini.

Njia ya pili ni kutafuta Kiswahili "kibovu" kilicho karibu. Mwanafunzi ataandika "kitabu yangu", atachanganya ngeli, ataweka lafudhi ya Buyenzi au ya Lubumbashi. Hapa tuwe macho. "Kitabu yangu" si kosa la mtu asiye na akili. Ni upatanisho wa kawaida katika Kiswahili kinachozungumzwa na watu wengi mno kuanzia Bujumbura kuelekea magharibi, na watu hao huzaliwa nacho, hubishana nacho na huoana nacho. Mtafsiri akimpa Coco Kiswahili hicho atakuwa amelichukua tusi lililotungwa Ulaya na kulibandika kwenye kinywa cha jirani yake.

Njia ya tatu ni kupindua meza: Coco aseme Kiswahili fasaha na Tintin ababaishe. Kihistoria njia hii ina ukweli mwingi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu Kiswahili na mamlaka ya kikoloni Kongo, ameonyesha jinsi vitabu vya kuwafundisha Wabelgiji Kiswahili vilivyojaa amri. Kenya nako kulikuwa na kile kilichoitwa Kisetla, Kiswahili cha walowezi, ambacho Mwafrika alikielewa kwa kuvumilia. Aliyevunja lugha ya mwenzake kila siku alikuwa bwana. Lakini njia hii si tafsiri tena. Ni kitabu kipya, na anayeiandika akubali kwamba anaandika jibu.

Kwa maoni yetu ipo njia ya nne. Kwa kuwa petit-nègre ilitengenezwa, mtafsiri naye atengeneze. Ampe Coco Kiswahili ambacho hakuna mtu yeyote, tangu Lamu hadi Lubumbashi, anakisema: "Mimi kuleta maji. Bwana kufurahi." Mtoto wa darasa la nne atasimama na kusema kwamba hakuna mtu anayezungumza hivyo. Naam, hapo ndipo mahali tunapotaka afike. Atakuwa ameuona mkono wa mwandishi. Tafsiri iliyofanywa hivyo ni uhakiki mkali kuliko onyo lolote lililobandikwa kwenye jalada.

Nyani Haoni Kundule

Ndugu msomaji, ingekuwa rahisi kuishia kwa Wabelgiji. Lakini vichekesho vyetu wenyewe vya Afrika Mashariki navyo vina Coco wake. Mlinzi Mmasai katika michezo ya kuigiza ya Kenya na Tanzania hupewa Kiswahili kilichovunjwa ili watu wacheke. Mhindi mwenye duka vivyo hivyo. Hapa kwetu Mtwa huigizwa kwa lafudhi, na kicheko kinakuja kabla hajamaliza kusema. Neno umuswahili lenyewe, katika midomo ya baadhi ya Warundi, limekuwa na maana ya mjanja asiyeaminika, na mzungumzaji wa Buyenzi anakutana nalo akiwa bado mtoto.

Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimezidi kuwa lugha ya kutafutia kazi, soko na elimu. Ni neema. Lakini neema hiyo imeleta pia aina mpya ya kicheko. Mwanafunzi wa Kirundi anayesema "mutu" badala ya "mtu" anachekwa na jirani yake, naye jirani huyo anachekwa akifika Dar es Salaam. Aliyechekwa mara tatu hunyamaza. Mwalimu akiuliza mbili na mbili, darasa linakuwa kimya, na mwalimu anahitimisha kwamba hawajui.

Kalamu nyekundu inahitajika. Hatusemi tuache kufundisha ngeli. Tunasema kusahihisha sentensi ya mwanafunzi ni kazi moja, na kumnyima mwanafunzi sentensi ni kazi nyingine. Kwanza amalize kusema.

Kujibu kwa Kalamu

Wasanii wa Kongo hawakungoja mahakama. Chéri Samba, katika mchoro wake wa mwaka 2002 uitwao Réorganisation, alionyesha watu wakivutana juu ya sanamu ya mtu-chui ya Tervuren, sanamu ile ile inayohusishwa na watu-chui wa Hergé. Jumba hilo lilipofunguliwa upya Desemba 2018, sanamu hiyo iliwekwa katika chumba cha sanamu ambazo hazina tena nafasi katika maonyesho ya kudumu.

Naye Barly Baruti, mchoraji wa vibonzo mwenye asili ya Kisangani, alitoa mwaka 2014 Madame Livingstone pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie. Kisa kinatokea katika Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza: ofisa Mbelgiji anatafuta meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ile ambayo baadaye iliitwa Liemba, akiongozwa na mwenyeji anayevaa sketi ya Kiskoti na kuijua nchi kuliko ofisa huyo. Tena Mbelgiji na Mwafrika wako safarini pamoja. Lakini safari hii anayejua ni mwenyeji, na anasema. Kwa msomaji aliyekulia ukingoni mwa ziwa hilo, kitabu hicho kinafaa kuwekwa kando ya Tintin, kurasa kwa kurasa.

Maswali ya Kujadili Darasani

1. Chagua kurasa mbili za Tintin au Congo. Hesabu sentensi zilizokamilika kisarufi za kila mhusika, Milou akiwemo. Unagundua nini?
2. Eleza tofauti ya mganga, mchawi na mpiga ramli katika Kiswahili, na maneno yanayokaribiana nayo katika Kirundi. Kitabu kimeyachanganya vipi?
3. Tafsiri tukio la darasa la misheni. Kisha liandike upya, mwanafunzi mmoja akijibu. Atasema nini, na kwa lugha gani?
4. Tafuta mchezo wa kuigiza au kichekesho cha Kiswahili ambamo mhusika anachekwa kwa lafudhi yake. Nani aliyeandika maneno hayo, na kwa ajili ya nani?

Hitimisho

Kwa muhtasari, Tintin au Congo si kitabu cha kuogopwa wala cha kuachiwa kumbukumbu tamu za utotoni peke yake. Michoro yake imekwisha hukumiwa na macho ya watu. Lugha yake bado inafanya kazi, kwa sababu inafundisha kimya kimya kwamba sarufi ni mali ya wachache na wengine wote ni wa kuchekesha. Mahakama haikuweza kulitazama jambo hilo, na duka la vitabu haliwezi kulihamishia rafu nyingine. Darasa la lugha linaweza. Tunawaomba walimu wenzetu wanaolijaribu zoezi la tafsiri tulilolipendekeza waliletee jarida hili kazi za wanafunzi wao, hasa zile za swali la tatu. Tungependa kusikia mtoto yule, baada ya miaka karibu mia moja ya kunyamazishwa, amejibu nini.